Mguu wangu baada ya upasuaji na mionzi ya sarkoma

Hapa Tanga bado naulizwa kama mwenye sarkoma ya paja (saratani inayoanzia kwenye nyama za mwili kama misuli) ni lazima akatwe mguu. Yangu ilikuwa ndani kabisa ya paja la kulia, na mguu ninao. Naendesha baiskeli kutoka Ngamiani hadi Raskazone.

Kilichoniokoa ni kufuata utaratibu. Zahanati moja iliniambia ni mafuta tu, yatolewe palepale kwa ganzi. Dada yangu ni muuguzi, akakataa katakata: uvimbe uliozidi sentimita 5, ulio ndani ya misuli na unaoendelea kukua, hauguswi kwa kisu kabla ya picha ya MRI na kipimo cha kipande kidogo cha nyama ya uvimbe (biopsi). Ukikatwa ovyo, chembe za saratani hubaki kwenye nyama ya jirani, na upasuaji wa pili huwa mkubwa zaidi.

Niliogopa kwamba kubaki na mguu ni kupunguza umri. Daktari bingwa akanieleza utafiti wa Marekani wa 1982, wagonjwa 43: wengine walikatwa kiungo, wengine wakatolewa uvimbe na kupigwa mionzi. Uvimbe uliwarudia mahali ulipotolewa wachache wa kundi la pili, lakini waliokatwa hawakuishi zaidi ya wenzao. Nililia kwa faraja.

Kisha tukajadili mionzi itangulie upasuaji au iufuate. Utafiti wa Kanada wa 2002 ulionyesha kuwa ikitangulia, dozi ni grei 50 (grei ni kipimo cha mionzi), ila vidonda vya upasuaji vilisumbua asilimia 35 ya wagonjwa. Ikifuata, dozi ni 66 na vidonda asilimia 17, lakini mguu huelekea kukakamaa zaidi baadaye. Nina kisukari, kidonda kwangu ni balaa, kwa hiyo tulianza na upasuaji.

Mionzi nilipigwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa zaidi ya wiki sita. Mashine haiumi, unalala dakika chache tu. Kinachomaliza pesa ni kulala na kula mjini. Mwenye ndugu Dar amwombe mapema. Ngozi iligeuka nyeusi, ikachubuka karibu na kinena, na uchovu ulikuwa mzito.

Ugumu wenyewe umekuja baadaye. Goti halikunji lote, paja limekaza, na jioni kifundo kinavimba, ndiyo maana navaa soksi ya kubana. Mazoezi ya viungo nayapa alama za juu kuliko kitu kingine chochote katika safari hii, na inanisikitisha kuona wagonjwa wakiyaacha mara kidonda kinapofunga. Huo ndio wakati misuli inapokaza.

Kliniki bado nahudhuria. Pamoja na paja wanapiga picha ya kifua, kwa sababu sarkoma ikisambaa hupenda kukimbilia mapafu. Hadi picha ya mwisho, mapafu yangu ni safi.