Kupandikizwa uloto Chennai: mimi ndo nilitoa seli, haya ndo niliyoyaona

Naandika kwa yeyote mwenye mgonjwa wa leukimia (saratani ya damu) aliyeambiwa aende India kupandikizwa uloto, yani ile nyama laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu, mana sisi tulienda tukiwa hatujui kitu. Dada yangu alitibiwa hospitali moja ya Chennai na mchangiaji nilikuwa mimi.

Tumezaliwa wanne, sisi watatu wazima tukapimwa HLA, yani alama za kwenye seli ambazo kinga ya mwili inatumia kumjua mwenyeji na mgeni. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja kila mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kufanana kabisa na mgonjwa, kaka yetu akakosa kabisa, mdogo wetu akawa nusu, mimi nikatoka 10 kwa 10, yani alama zote 10 zinafanana na za dada, mama alilia palepale. Na msikate tamaa mkikosa wa kufanana, siku hizi hata mzazi au mtoto ambaye ni nusu anatoa, mgonjwa anapewa dawa ya saiklofosfamaidi siku ya 3 na ya 4 baada ya kuwekewa seli ili kinga mpya isimshambulie sana.

Kwenye kutoa nawapa nyota 5. Nyumbani nilishaambiwa watanitoboa uti wa mgongo nitapooza, jamani mimi sikutobolewa mgongo! Nilichomwa sindano za filgrastimu siku 5, zile zinazitoa seli shina (seli mama zinazozaa damu) kwenye mifupa ziingie kwenye damu, kiuno kikauma kama nina malaria nikawa nameza panadoli, halafu siku yenyewe nikalala kama masaa matano mashine inavuta damu mkono huu, inachuja, inarudisha mkono ule. Midomo ikaanza kufa ganzi, nesi akasema kalsiamu imeshuka akaniongezea ikaisha. Kesho yake nilienda sokoni mwenyewe. Dada alivyowekewa ni kama anaongezewa damu tu, hakuna kupasuliwa.

Walipotuangusha ni maelezo. Tuliambiwa wiki nne wodini basi tukapanga chumba mwezi mmoja, kumbe lazima mkae karibu na hospitali mpaka kama siku ya 100 tangu kuwekewa seli, michango ya ndugu ilishaisha ikabidi tuanze kuomba upya. Ulizeni hili kabla hamjakata tiketi!!

Siku ya 30 na kitu dada akatoka vipele viganjani na kuhara, seli zangu zilikuwa zinamwona yeye ndo mgeni. Hapo madaktari walikuwa wepesi sana, steroidi (dawa za kutuliza kinga) siku hiyohiyo, na wakatueleza vizuri kwamba ikiwa kidogo sio mbaya yote mana seli hizohizo ndo zinasaka saratani iliyobaki.

Dodoma pale Benjamin Mkapa wanapandikiza uloto watoto wa selimundu, naomba sana na wagonjwa wa leukimia wafikiwe, gharama ya kuishi ugenini ndo inayoua familia.

Leo ni mwaka na miezi miwili, grupu la damu la dada limetoka B limekuwa O kama langu. Kule Chennai waligandisha na limfosaiti zangu (seli nyeupe za kinga), saratani ikirudi anaongezewa. Mpaka sasa hazijaguswa.