Tiketi ya makumbusho Lamu: uanze na ipi?

Ukishuka gatini Lamu na mfuko una hela ya tiketi moja tu, usikimbilie Ngome ya Lamu. Nunua ya Nyumba ya Kiswahili, ile ya karne ya 18 iliyojificha vichochoroni.

Nyumba yenyewe ndiyo onyesho. Anzia dakani, yaani barazani mlangoni, walipokaa wageni wasioingia ndani, kisha vuka kiwanda, yaani ua wa ndani, na misana, zile kumbi ndefu, mpaka kwenye ukuta uliojaa zidaka za lipu, yaani vishubaka vya ukutani. Halafu inua macho. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiendi mbali sana, karibu mita tatu hivi. Kumbe mkoko ndio uliompimia mwenye nyumba chumba chake! Chooni kuna birika, yaani tangi la maji la kujengwa. Zamani waliweka samaki humo wa kula viluwiluwi vya mbu. Vitanda vya kuchongwa nimevisahau, birika lile sijalisahau.

Ukiwa na hela ya pili, nenda Makumbusho ya Lamu, pale ufuoni. Humo ndimo utakapoelewa siwa ni kitu gani: baragumu kubwa la kupulizwa ubavuni, la Lamu likiwa la shaba na la Pate la pembe ya ndovu, lililolia kwenye harusi za waungwana na shughuli za watawala. Lakini tangulia nyumbani. Ukikiona kiti cha enzi cha humo makumbushoni kabla ya kuona msana, utakiona kama fanicha tu.

Ngome naiweka ya tatu, na najua Waamu wengine watanigombeza. Ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 19, ikakamilika 1821, ikawa jela hadi 1984. Ila sehemu kubwa ya utamu wake unaipata bure ukikaa Mkunguni, uwanja ulio mbele yake, jioni na kahawa chungu. Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi 1888 hadi 1891, ni ya wapenda stempu na wenye nusu saa ya ziada.

Chaji simu kabla ya kutoka, maana malipo ya makumbusho ya serikali yamehamia eCitizen, mtandao wa serikali wa kulipia huduma. Mwongozaji mpatane bei mlangoni. Mimi niliwahi kupatana baada ya matembezi, nikalipa kama mtalii wa Ulaya. Ijumaa nenda asubuhi, maana adhuhuri mji mzima uko msikitini.