Simu za mauzo Ufaransa: kujiandikisha usipigiwe, au wapige tu ukikubali?

Ufaransa watu wamechoka na simu za kuuziwa vitu, paneli za sola, bima, mafunzo, kila siku namba mpya, na serikali yao imejaribu njia mbili ambazo hazifanani kabisa.

Ya kwanza ni Bloctel, orodha ya watu wasiotaka kupigiwa simu hizo, ilianza 2016, wewe mwenyewe unaandikisha namba yako bure ndo kampuni zinatakiwa zisikupigie. Shida iko hapo hapo, kazi yote umebebeshwa wewe unayesumbuliwa, bibi asiyejua intaneti haandikishi kitu na ndo huyo huyo wanayemlenga zaidi, halafu kampuni ambayo tayari una mkataba nayo inaruhusiwa kukupigia. Mwaka 2023 wakaongeza masharti ya muda, siku za kazi tu, saa 4 hadi 7 mchana na saa 8 hadi 2 usiku, na kampuni moja isikupigie zaidi ya mara 4 kwa siku 30. Mara 4 jamani! Hiyo bado ni kero.

Ya pili ni sheria ya 2025, inayoanza kazi 11 Agosti 2026: hakuna kupiga bila ridhaa yako ya mapema, na kampuni ndo ithibitishe kwamba ulikubali. Mkataba unaoendelea bado ni ruhusa, sawa.

Mi naichagua hii ya pili bila kusita, maana ukinyamaza inahesabika umekataa. Matapeli wanaoficha namba hawatajali sheria yoyote, hao wanahitaji kubanwa na mitandao ya simu yenyewe.