Misuli Ikiuma Moscow: Uzoefu Wangu na Programu ya Kutafsiri

Programu hii ya kutafsiri niliiweka kwenye simu wiki niliyofika Moscow kuanza mwaka wa lugha, ule ambao wanafunzi wa kigeni tunauita podfak. Jina lake silitaji. Kwenye vibao vya metro, bei za dukani na matangazo ya bwenini imenisaidia mno, na kwa hayo naishukuru. Kwenye maumivu ya mwili imeniangusha, na nataka anayejiandaa kuja huku ajue iliniangusha vipi.

Kipindi cha michezo hapa ni cha lazima, wanakiita fizkultura, na theluji ikishashika kinahamia kwenye ski. Sikuwahi kuvaa ski maishani. Siku hiyo nilimaliza salama, nikala, nikalala. Kesho yake mapaja yakaanza kukaza. Keshokutwa nikawa nashuka ngazi za bweni nimeshika ukuta: mapaja kwa ndani, mabega, mikono kwa nyuma kwa sababu ya zile fimbo, kote kunauma.

Nikaenda apteka ya jirani. Kirusi changu kilikuwa cha miezi mitatu, na kila mtu aliniambia programu hizi zinaelewa Kiingereza kuliko Kiswahili. Nikaandika kwa kifupi: sore, legs. Ikatoa yazva, nogi. Nikamwonyesha mfamasia simu.

Mama yule akabadilika uso. "Kijana, tangu lini?" Kisha nikasikia akitaja diabet, neno lisilohitaji mkalimani. Akaniashiria nipandishe suruali aone mguu.

Yazva ni kidonda, cha tumboni au kile cha mguuni kisichopona, ambacho wenye kisukari hukipata sana. Mama wa watu hakukosea hata kidogo, alisoma kilichoandikwa. Tatizo ni kwamba sore ya Kiingereza ni maneno mawili ndani ya vazi moja: moja ni kidonda chenyewe, jingine ni hali ya mahali panapouma ukipagusa au ukipajongesha. Neno nililiacha peke yake, programu ikachagua kidonda, na haikunionya kwamba kuna maana nyingine. Hilo la kutokuonya ndilo ninaloilaumu zaidi.

Ikabidi nitumie mikono. Nikaigiza mtu anayesukuma ski, nikajishika mapaja, nikakunja uso. Akaelewa papo hapo. "A, krepatura!" Akanipa kichupa cha menovazin, dawa ya kuchua ya spiriti yenye mentholi na ganzi, na bei yake ni ndogo.

Krepatura. Ndilo neno nililokuwa nalitafuta, na programu haikulitoa hata mara moja. Waliolizoea zaidi ni watu wa mazoezi. Warusi wengine husema tu misuli inauma baada ya mazoezi, na utaeleweka vilevile. Daktari anaweza kuandika mialgia, lakini hiyo ni maumivu yoyote ya misuli, hata ya homa ya mafua. Krepatura ni yale yanayochelewa: ukitoka uwanjani huyasikii, hukolea kati ya saa 24 na 72, kisha hupungua yenyewe. Husababishwa na michaniko midogo mno ndani ya misuli iliyofanya kazi isiyoizoea, hasa ikifanya kazi huku inavutwa, kama unapoteremka mlima. Bwenini wengi hudai ni asidi ya laktiki, Warusi wanaiita molochnaya kislota. Asidi hiyo huondoka muda mfupi baada ya mazoezi. Haiwezi kukusubiri mpaka keshokutwa.

Jioni nikaijaribu kwa Kiswahili. "Misuli inauma" ikarudi kama misuli inang'ata, kuuma kwa mbwa! Nikamwonyesha kaka mmoja wa Tanga, yuko mwaka wa nne wa udaktari.

"Mdogo wangu, usiipe neno, ipe habari nzima. Kiungo gani, tangu lini, ulikuwa unafanya nini."

Tukaandika: miguu yangu ina maumivu tangu jana kwa sababu ya mazoezi. Safari hii ikatoa Kirusi safi, u menya bolyat nogi na sababu yake. Ndipo kaka akanionyesha jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Nogi bolyat ni miguu inauma, moja kwa moja: kiungo ndicho kinachotenda, kama kwetu. Wana noyet kwa maumivu ya chini chini yasiyokoma, tyanet kwa yanayovuta, strelyaet kwa yanayopiga kama risasi, na lomit mwili mzima ukiwa kama umevunjwavunjwa, hali ya homa. Nasi tuna kichwa kinawanga, kiuno kinavuta, mgongo unachoma. Vitenzi kwa vitenzi. Mimi nikaviacha vyote nikapita kwenye sifa moja ya Kiingereza isiyosema maumivu ni ya aina gani.

Siku hizi neno la mwili nalitafuta kwanza kwenye Multitran, kamusi ya Warusi ya mtandaoni. Sura yake haivutii na kwa mgeni inachosha, lakini inapanga maana kwa fani, za tiba mahali pake na za michezo mahali pake, kwa hiyo unaona mwenyewe kwamba neno lina milango mingi kabla hujaingia wowote. Kisha sentensi nzima naipeleka kwenye ile programu.

Kwa safari na sokoni naipa nyota tano. Kwa hospitali na apteka, mbili. Nimewaandikia wenyewe kwenye sehemu ya maoni, nikaeleza kisa chote na picha ya skrini nikaambatisha. Leo asubuhi nimeandika tena sore, legs. Bado ni yazva.