Stowe House, Buckinghamshire, Uingereza: jumba la mabwana, shule ya bweni

Ukifika Stowe, usikimbilie mlango. Shuka kwanza bustanini upande wa kusini, uende hadi karibu na ziwa, ndipo ugeuke. Uso huo wa mawe wa jumba aliuchora msanifu Robert Adam mwaka 1771, kisha Thomas Pitt akaurekebisha, na ulikusudiwa kutazamwa kwa mbali: katikati pameinuka kwa nguzo, pande mbili zinashuka, miisho inapanda tena. Ukiusogelea mno, mpangilio huo unakupotea. Simba wawili wa ngazini ni nakala. Wale wa asili, wa madini ya risasi, waliuzwa mwaka 1921 wakaishia bustani ya Stanley Park, mjini Blackpool.

Ndani, chumba kinachorudisha nauli yako ni Ukumbi wa Marumaru. Una umbo la yai, na kuba lake lina visanduku vinavyozidi kuwa vidogo kadiri vinavyopanda kuelekea kwenye tundu la mwanga, kwa mfano wa Pantheon, hekalu la kale la Roma. Chini ya kuba unazunguka ukanda wa watu wa plasta zaidi ya 280, katika maandamano ya ushindi ya Warumi. Jina la ukumbi lisikuhadae: marumaru ni sakafu. Nguzo 16 ni skaliola, yaani unga wa jasi uliokandwa kwa gundi na rangi, ukabandikwa juu ya kiini, ukasuguliwa hadi ukang'aa. Marumaru ni ya baridi mkononi, skaliola ina uvuguvugu. Tusisitize tu kwamba hilo ni la kujua, si la kujaribu. Jasho la viganja linafifisha mng'ao.

Adui wa skaliola ni maji. Gundi ikilowa hulegea, uso hupauka, na mwisho gamba hubanduka. Ndiyo maana mkaguzi makini wa nyumba za enzi ya wafalme wa Uingereza walioitwa George (1714 hadi 1830) huanzia darini. Paa nyingi za aina hii zimejificha nyuma ya ukuta mfupi, na mfereji wa risasi unapita kwa ndani. Majani yakiuziba, maji hayamwagiki nje. Yanaingia ukutani na kuozesha ncha za boriti mahali pasipoonekana. Bamba la risasi likiwa refu kupita kiasi na kupigiliwa misumari pande zote, hukosa nafasi ya kutanuka juani, likachanika. Vyuma vinavyofunga mawe vikipata kutu huvimba na kuyapasua. Na fundi akiziba viungo kwa saruji badala ya chokaa, unyevu hunaswa ndani: kosa lile lile linaloumiza kuta za Mji Mkongwe, Zanzibar.

Kama shule, iliyofunguliwa Mei 1923 na wavulana 99, jumba lina taabu zake. Vyumba virefu namna hii hupashwa joto kwa gharama kubwa, na chini ya kuba maneno ya msemaji yanazunguka kabla ya kukufikia. Kwa kinanda au kwaya pananoga. Kwa hotuba, hapana.

Ziara za ndani hufuata ratiba ya shule, kwa hiyo hakikisha siku kabla ya kusafiri. Bustani inasimamiwa na National Trust, shirika la kuhifadhi urithi, nyumba ina shirika lake la udhamini. Usidhani kiingilio cha kule kinakufungulia mlango wa huku.