Plagi za IST: usilipe kabla hujazipima

Wiki mbili nzima nimeendesha Toyota IST yenye plagi mpya huku injini ikimisi vilevile. Asubuhi ukiiwasha inatetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza, na ukipandisha Kimara gari linavuta kama limebeba mchanga. Nilikuwa nimelipa 60,000 kwa plagi nne za iridiamu, boksi safi kabisa, duka la Kariakoo. Kilichonifungua macho ni redio. Nikikanyaga mafuta inakwaruza, nikiachia inatulia.

Hapa ndipo nataka tuelewane. Ndani ya plagi za magari haya kuna rizista. Kazi yake ni kuzuia kelele za umeme zisifike kwenye redio na kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Watengeneza feki wanaiga boksi, maandishi, hata ringi ya chini. Rizista haionekani kwa macho, kwa hiyo hawahangaiki nayo. Chukua mita ya fundi redio, iweke kwenye omu, waya mmoja ushike kichwa cha plagi, mwingine ncha ya katikati kule chini. Plagi nzima inasoma omu 5,000 hivi. Ikiwa kati ya 3,000 na 7,500 sina ugomvi nayo. Zangu mbili zilisoma sifuri, ya tatu haikusoma kitu, ya nne 900.

Ila kwanza uhakikishe ugonjwa ni plagi. Kompyuta ya kupimia gari ikitoa kosa P0302, inayomisi ni silinda ya pili. Hamisha koili yake, ile inayoipa plagi umeme, uipeleke silinda ya tatu. Kosa likigeuka P0303, koili ndiyo mbovu. Likibaki palepale, hamisha plagi. Ukikuta oili kwenye shimo la plagi, anza na gasketi ya tapeti kava, mfuniko wa juu ya injini. Na taa ya injini ikiwa inawaka na kuzimika, paki gari, maana petroli isiyoungua inaua masega, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi.

Sasa kununua. Ya kwanza kwangu ni Denso K16R-U11, na sifichi, mimi ni mtu wa Denso. Ni nikeli ya kawaida na inaendana na injini ya 1NZ ya IST. Hiyo 16 ni kiwango cha joto, R ndiyo rizista, 11 ni mwanya wa milimita 1.1 pale cheche inaporuka. Mimi nabadilisha kila kilomita 20,000.

Ya pili ni Denso ya iridiamu. Cheche yake inaruka kirahisi kwa sababu ncha ni nyembamba, lakini bei yake ndiyo inayowavutia waigaji. Kama huna mita, iache. Ya tatu ni NGK BKR5EYA-11, nayo ni nzuri. Plagi za used na zile zisizo na jina usiziguse.

Nilipozirudisha zangu, muuzaji alinionyesha risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Akaongeza, "Dada, fundi wako kazikaza vibaya." Kukaza vibaya kunaondoaje rizista? Elfu sitini yangu imeondoka hivyo, na boksi za aina ileile bado zimepangwa kwenye shelfu yake.

Siku hizi mita inakaa kwenye mkoba wangu. Duka nililokwenda baadaye, nilipoitoa tu, kijana alirudisha boksi chini ya kaunta, akaingia stoo kuniletea jingine.