Kifaa cha kuingizia mbolea kwenye dripu (mipira ya kumwagilia tone kwa tone): kipi ununue kama unalima kando ya ziwa

Kiangazi kikianza tu, mwezi wa sita kwenda wa saba, simu zinaanza. "Dada shikamoo, dripu nimeshafunga, sasa mbolea naiingizaje?" Na wengi wanapiga wakiwa wameshanunua kifaa tayari, wameambiwa dukani hii ndo inaenda sana, wamefika shamba wamefunga, hakivuti hata tone. Mi nalima nyanya na tikiti huku Kayenze, Mwanza, maji navuta Ziwa Victoria, na vifaa karibu vyote nitakavyotaja nimevitumia mwenyewe au nimesaidia kufunga kwa majirani, kwa hiyo naandika ili hela ya mbegu ya mtu isiishie kwenye plastiki isiyofanya kazi.

Na kwa wanaosema si umwage tu mbolea kwa mkono kama zamani: kwenye dripu maji yanalowesha pale kwenye shina tu, katikati ya matuta pakavu, mbolea ukiirusha inakaa juu pale inaangalia jua. Urea ndo mbaya zaidi, ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu kidogo nitrojeni inapotea hewani kama amonia, unaisikia kabisa ile harufu puani, hiyo ni hela yako inaruka. Ikipita kwenye maji inafika kwenye mzizi moja kwa moja.

Sasa kabla hujaenda mjini, jua vitu viwili kuhusu maji yako: presha na wingi. Bila hivyo hata muuzaji mwaminifu atakubahatishia tu.

Presha ni rahisi. Presha inapimwa kwa baa, na kila mita 10 za kimo cha maji ni kama baa 1. Simtanki lako likiwa kwenye stendi ya mita 3, una baa 0.3 basi, hata tanki liwe la lita elfu tano, ukubwa wa tanki hauongezi presha, kinachoongeza ni kimo, na hili watu wanabishana nalo sana lakini ndo ukweli. Kama unasukuma moja kwa moja na pampu ya petroli, nunua presha geji ndogo uifunge kwenye bomba kuu, maana namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu ni kabla haijapandisha maji kilimani, na mashamba yetu mengi huku yana mwinuko na mawe, ukitoa maji ziwani ukayapandisha mita 15 umeshapoteza baa moja na nusu njiani.

Wingi piga hesabu. Eka moja ni kama mita za mraba 4,000, ukilaza mipira kila mita moja na nusu unapata karibu mita 2,700 za mpira, matundu kila sentimita 30 ni matundu kama 9,000, kila tundu likitoa lita 1.6 kwa saa jumla ni zaidi ya lita 14,000 kwa saa ukifungulia eka nzima. Ikumbuke hiyo namba, nitairudia.

Ninachokiweka namba moja kwa mkulima wa pampu ni venturi. Ni kipande cha plastiki, katikati kimebanwa, maji yakipita pale penye wembamba yanaongeza mwendo na presha inashuka mpaka inakuwa ya kuvuta, ndo kale kampira kadogo pembeni kananyonya mbolea kutoka kwenye ndoo. Hakina mota, hakina umeme, hakina kinachozunguka, jina limetokana na Mtaliano Giovanni Battista Venturi aliyekufa mwaka 1822, yani kanuni yenyewe ni ya zamani kuliko pampu zote za petroli. Bei ya ile ndogo ya robo tatu au inchi moja haikuogopeshi, ni kitu mkulima wa kawaida anaweza kununua bila kukopa.

Lakini kina sharti moja na hapo ndo wengi wanaumia. Ili kivute lazima presha ya maji yanayotoka iwe chini kuliko ya yanayoingia, kwa kiasi cha kueleweka, pungufu ya robo yake hivi au zaidi kutegemea na aina. Kwa hiyo usikifunge katikati ya bomba kuu la inchi mbili ukategemea miujiza, na pia usinunue venturi kubwa ya inchi mbili kwa kuwa tu bomba lako ni la inchi mbili. Nunua ndogo, uifunge pembeni kwa njia ya kuzunguka: unatoa tii (kiungio cha njia tatu) kabla, unarudisha kwa tii mbele, na katikati ya hizo tii kwenye bomba kuu unaweka koki. Ukiibana koki kidogo kidogo maji yanalazimika kupita pembeni, presha inatofautiana, utaona mbolea inaanza kupanda kwenye kampira. Ukiifungua yote, kunyonya kunakata. Hiyo koki ndo gia yako.

Jirani yangu, mzee wa makamo, alishakata tamaa na yake, akaniita niende nikaione kabla hajaitupa. Nikamwambia, "Baba, hebu bana ile koki ya katikati, taratibu." Kaizungusha kama robo, hamna. Kaongeza, tukaona tone la kwanza la rangi linatambaa kwenye mpira, halafu likakimbia. Akasema tu, "Kumbe!" Msimu mzima kifaa kilikuwa kizima.

Ubaya wa venturi ni kwamba pampu ikishuka mwendo au ukibadili bloku (kipande cha shamba unachofungulia kwa zamu), kiwango cha kunyonya kinabadilika, kwa hiyo sio cha kuwasha ukaenda kulala. Kaa hapo.

Namba mbili, na kwa wenye pampu ya sola inayojaza simtanki hii ndo namba moja yao: usinunue kifaa kabisa, nunua pipa. Presha ya baa 0.3 venturi haivuti, achana nayo hata wakikupa bure. Chukua pipa la lita 100 au 200, liweke juu ya stendi ile ile, yeyusha mbolea kwenye ndoo pembeni, chuja kwa kitambaa, mimina, ongeza maji, koroga, kisha fungulia pipa lishuke kwenye dripu lenyewe huku umefunga simtanki. Kila bloku kipimo chake. Wapo wanaomwaga mbolea ndani ya simtanki lenyewe, hapana, tanki linaota ukijani ndani, ule utelezi unakuja kuziba mipira, na kama watoto wanachota maji humo ndo hatari kabisa. Pipa la mbolea liwe la mbolea, liandike kwa rangi.

Namba tatu ni mtungi wa mbolea, lile tanki la chuma lenye mfuniko wa kubana, lita 60, 100 mpaka 200. Hiki ndo kifaa ambacho unaweka mbolea ikiwa ngumu kama ilivyo, punje punje, unafunga mfuniko, sehemu ya maji ya bomba kuu inapita ndani yake inaiyeyusha ikitembea nayo. Na chenyewe kinahitaji koki ya kubana katikati kama venturi, ila kinaridhika na tofauti ndogo sana ya presha, kwa hiyo kwa mwenye pampu dhaifu au shamba la mlimani kinaweza kumfaa kuliko venturi. Bei ni ya laki kadhaa.

Kwanini sijakiweka juu? Kwa sababu mgao wake hauko sawa. Mbolea ikishayeyuka, mwanzoni inatoka kali sana, halafu inapungua kila dakika maji mapya yanavyoingia. Inatakiwa maji kama mara nne ya ujazo wa mtungi yapite ndo mbolea ibaki karibu asilimia 2 tu. Mtungi wa lita 60 ukipitisha lita 10 kwa dakika ni dakika 24. Sasa mtu anafungulia bloku ya kwanza dakika kumi, anahamia ya pili, ya tatu, anashangaa nyanya za kwanza zimenona majani zimegoma kuzaa na za mwisho njano. Kosa sio mtungi. Jaza upya kwa kila bloku, usihame mpaka zile mara nne zitimie. Dukani fungua mfuniko uangalie ndani, rangi iwe imeshika mpaka kwenye kona na viungio vya kuchomelea, mbolea ni chumvi, pasipo na rangi panakula kutu haraka sana. Na uwe na kitundu cha kutolea hewa na koki ya chini ya kuondoa mashapo, kama havipo rudisha.

Namba nne ni pampu za kupimia zinazoendeshwa na maji yenyewe, Dosatron ya Ufaransa ndo maarufu, na Mixrite. Kiukweli kwa usahihi hakuna kinachozifikia: ukiseti asilimia 1, kila lita 100 za maji zinapata lita 1 ya mbolea, maji yaongezeke yapungue kipimo ni kile kile. Kwa kitalu nyumba au miche ya biashara ningeiweka ya kwanza bila kufikiri. Ila ile saizi inayouliziwa sana, D25, mwisho wake ni lita 2,500 kwa saa, rudi kwenye ile namba yetu ya lita 14,000 utaona mwenyewe, eka moja lazima uigawe bloku sita ndo ipite yote humo. Halafu ndani kuna pistoni na sili, na maji yetu ya ziwa hasa karibu na ufukwe yana mwani, ukijani mtupu miezi mingine, bila filta nzuri kabla yake sili zinaisha mapema na kuzipata spea ni mpaka uagize. Bei inafika milioni na kupita. Kwa nyanya za sokoni sio leo.

Ya mwisho siipangi, naikataza. Ule mtindo wa kutoboa bomba la kuvutia kabla ya pampu, unachomeka kampira, pampu inanyonya mbolea pamoja na maji. Ni karibu bure ndo maana umeenea. Mbolea inapita ndani ya pampu inakula impela (lile pangaboi la ndani) na sili, ndoo ikiisha hujaona inavuta hewa, pampu inakata maji. Na kubwa kuliko yote: pampu ikizima ghafla na futi vavu, ile ya mwisho wa bomba kule majini inayozuia maji kurudi, haishiki vizuri, kile kilichomo kwenye bomba kinarudi ziwani. Naitrojeni na fosfeti ndo chakula cha mwani na cha magugu maji, yale yale yanayofunga mialo mpaka mitumbwi inashindwa kutoka, na hapo hapo mita chache pembeni kina mama wanachota maji ya kunywa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, iheshimuni, na hata ukiwa nje ya mita 60 weka chek vavu, ile inayoruhusu maji kwenda mbele tu yasirudi. Kifaa chochote utakachochagua, chek vavu iwe kati ya pampu na sehemu mbolea inapoingilia. Kwangu hii sio ya hiari, ukiwa na hela ya kitu kimoja tu cha ziada nunua hiyo.

Filta nayo iwe baada ya mbolea kuingia, sio kabla tu, ili punje ambazo hazijayeyuka zikamatwe. Ya sahani za plastiki, meshi 120, unaifungua unaiosha kwa mkono.

Kifaa kizuri hakisaidii kama mbolea yenyewe haiyeyuki, na hili nililipia. Mwaka wa kwanza nilichanganya kalsiamu naitreti na DAP (mbolea yenye fosfeti) kwenye ndoo moja, nikiona navusha muda. Maji yaligeuka meupe kama mtindi mbele ya macho yangu, nikadhani itatulia, nikawasha. Kesho yake nusu ya matundu hayatoi, nikakaa na pini siku mbili natoboa moja moja mpaka mgongo ukagoma. Kalsiamu ikikutana na fosfeti au salfeti inaganda, usizichanganye ndoo moja hata iweje, peleka leo hii, ile siku nyingine. Mbolea ya CAN pia ina chokaa ndani haiyeyuki, iache ya kumwaga ardhini.

Lita moja ya maji inayeyusha karibu kilo nzima ya urea, utashangaa ndoo inavyokuwa ya baridi, nje inatoa jasho kama soda ya friji, hiyo ni kawaida, subiri ipate joto ndo imalizie kuyeyuka. Potasiamu naitreti ni kama gramu 300 tu kwa lita, potasiamu salfeti gramu 110 hivi. Mi naweka nusu ya hizo ili nisione mashapo. Na ukinunua mbolea mpya weka kijiko kwenye glasi ya maji yako ya ziwa, lala, asubuhi angalia chini ya glasi.

Siku ya kwanza usianze na mbolea. Weka ndoo ya lita 20 ya maji matupu, washa, hesabu dakika inaisha. Yangu inaisha kama dakika 15 koki ikiwa robo, nimepiga alama ya rangi kwenye koki na nimeandika kwa mkaa kwenye ukuta wa banda la pampu, bloku kwa bloku. Kisha utaratibu ni maji matupu mpaka mipira yote ijae, mbolea, halafu maji matupu tena dakika 10 mpaka 15 ili isibaki kitu kwenye matundu kikakauka na jua.